Usimwite Aliyekwisha Fika

Kijana aliniachia simu yake, akaenda kukaza kamba ya bidoni ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Ndivyo afanyavyo mtu anayesubiri hukumu. Tulikuwa kwenye kilima kidogo nje ya Lusangi, huku kwetu mashariki mwa Kongo, mahali ambapo waendesha pikipiki husimama kukamata reso, yaani mtandao wa simu, na video yake ilikuwa ya sekunde 48.

Sekunde ya 1 hadi ya 3: uso wake, karibu mno, pua imekula nusu ya kioo. "Salaam alaikum." Mpaka ya 7: "Bonjour la famille, habari za pale muliko." Mpaka ya 13: jina lake, jina la ukurasa wake, ombi kwamba wamfuate na wawatumie wenzao. Mpaka ya 18: "Leo nataka kuwaonyesha kitu kimoja cha maana sana." Kwenye sekunde ya 19 simu inageuka, na mimi niliyekuwa nimeketi nikajikuta nimesimama. Kijito kimejaa, daraja ni la magogo, na magogo yenyewe yamebaki mawili: moja la magurudumu, moja la miguu yake. Mvua imetoka kunyesha sasa hivi. Pikipiki imebeba bidoni mbili za lita 20, mafuta ya ngazi, yaani mawese, mpaka mdomoni, na kijana anaiingiza juu ya gogo kwa mwendo wa kinyonga.

"Wameangalia watu 41," alisema bila kugeuka. "Wengine kati yao ni mimi."

Halafu akaja karibu. "Mzee, watu wanapita tu. Niseme nini pale mwanzo ili wasipite?"

Jibu langu la haraka lilikuwa kwamba asiseme kitu. Alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu, na alikuwa na haki. Safu ya leo ni ya kulipa deni lile la kilimani.

Siku hizi kila anayefundisha vijana kutengeneza video fupi huanzia kwenye neno ndoano. Sekunde tatu za kwanza, wanasema, umnase mtu ama umempoteza. Hapo hawajakosea. Facebook kwa miaka mingi ilihesabu kwamba video imetazamwa mtu akifikisha sekunde 3. TikTok ilieleza mwaka 2020 kwamba mtu kuitazama video mpaka mwisho ni ishara yenye uzito mkubwa pale mtambo wake unapoamua nani mwingine aonyeshwe. YouTube nayo, tangu tarehe 31 Machi 2025, inahesabu video yake fupi kuwa imetazamwa pale tu inapoanza kucheza, hata kama kidole kimeipitisha papo hapo. Kwa hiyo anayejivunia maelfu huko huenda anajivunia maelfu ya watu waliomkimbia. Na kwetu, ambako mtu hununua mega za mtandao kidogo kidogo kama anavyonunua chumvi ya kufungwa kwenye karatasi, kidole kinachopitisha video si cha uvivu. Kinaokoa pesa.

Kosa linaanza kwenye maneno wanayowapa vijana wayaseme. "Acha unachokifanya!" "Usipite kabla hujasikia hili!" "Siri tano ambazo hakuna atakayekuambia!" Sikio la Mswahili linajua mara moja kwamba maneno haya yamevaa koti la mtu mwingine. Sijapata kumsikia mtu katika soko la Kasongo akimwambia mwenzake aache anachokifanya. Lakini ugeni wa maneno ni nusu ya tatizo tu. Nusu ya pili ni kwamba yote ni miito.

Sisi ni watu wa kuita, na tunaita vizuri. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini pembe yenyewe hailisemi jambo hilo: inakutoa shambani kwanza, utalisikia ukifika. Fuata maji ya Lualaba kutoka Nyangwe kwenda kaskazini, utafika Kisangani, na chini kidogo ya hapo ni Yakusu, ambako mmisionari Mwingereza John Carrington alifika mwishoni mwa miaka ya 1930 akajifunza lugha ya ngoma za mti za Walokele. Kitabu chake juu ya ngoma hizo kilitoka mwaka 1949. Mpigaji hakutanguliza habari. Alitanguliza mapigo ya kushtua, kisha jina la anayeitwa, nalo jina lilipigwa kwa maneno marefu ya sifa ili lisichanganywe na jingine, ndipo habari ikafuata, na kurudiwa.

Redioni, nilikokaa miaka mingi, tulifundishwa vivyo hivyo. Neno zito usiliweke la kwanza. Mama anamenya mihogo, mtoto analia, redio iko dirishani. Ukisema "Watu saba" mwanzoni mwa sentensi, saba watapotea, na yeye atasikia tu kwamba kuna kitu kimepinduka mtoni. Unaanza na neno jepesi, neno la kupoteza, ili sikio lipate muda wa kusogea. Nilipoanza kuwafundisha vijana wa simu niliwapa sheria hiyo hiyo, kwa kujiamini kabisa, na nikawaharibia video kwa karibu mwaka mzima.

Maana pembe, ngoma na redio vinamwita mtu aliye mbali, anayefanya jambo lingine. Mwenye simu hayuko mbali. Kioo kiko kiganjani, macho yako kwenye kioo, kidole kimeinuliwa. Amekwisha fika. Ukisimama mbele ya mtu ukampigia kelele za kumwita, atadhani humwoni, au atadhani unamwita mwingine, na katika hali zote mbili ataondoka.

Hata atalaku, mpiga kelele wa muziki wetu, anaijua tofauti hii. Jina lake ni la Kikongo, maana yake tazama huku, na kundi la Zaïko Langa Langa ndilo lililompa nafasi yake katika bendi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini atalaku hasimami mlangoni. Anaingia sebene ikishapamba moto, watu wakiwa wamekwisha inuka, na kazi yake ni kuwapandisha. Vijana wengi wamemchukua wakamweka mlangoni, halafu wanashangaa kwamba ukumbi ni mtupu.

Mfano wetu wa kweli uko mahali pengine. Mtegaji anasema, "Kitendawili!" Watu wanajibu, "Tega!" Ndipo fumbo linakuja. Walimu wengi wa ndoano wanaiga lile neno la kwanza. Mimi nasema kidole kilichotulia nusu sekunde kimekwisha kusema tega, kwa hiyo kilichobaki ni fumbo lenyewe. Na fumbo la Kiswahili ni fupi kuliko ndoano zote zinazofundishwa mjini: Nyumba yangu haina mlango. Maneno manne. Halikuambii kwamba kuna nyumba ya ajabu, wala kwamba utashangaa. Linakupa kitu ambacho kila mtu anacho, kisha linakiondolea sehemu ambayo haiwezi kukosekana. Kazi ya kushangaa umeachiwa wewe.

Muuza mchele wa Kasongo hufanya jambo hilo kwa mkono. Hasemi mchele ni msafi. Anauchota, anauachia udondoke mbele ya macho yako, na wewe mwenyewe unatafuta mawe huku ukiyakosa. Bei inakuja baadaye. Salamu pia.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapa ndipo walimu wa mjini wanaponiudhi zaidi. Wanatafsiri ndoano kutoka kwa watu ambao sarufi yao haina zana tuliyo nayo sisi. Chukua neno moja: Limekwama. Hiyo ni habari nzima. Kuna kitu, kimekwama, mambo bado ni mabichi, na kitu chenyewe hakijatajwa. Kiambishi li- kinakionyesha na kukificha kwa wakati mmoja. Ni lori? Ni tumbo? Ni jiwe? Akili ya msikilizaji imeanza kupekua bila kuombwa, na bado hatujafika sekunde ya pili. Kimekauka. Umekatika. Wamerudi. Kila kiambishi kinatoa fununu yake, na fununu ni bora kuliko ahadi ya siri, kwa sababu siri unaombwa uiamini, fununu unaanza kuifanyia kazi mwenyewe. Kifaransa, ambacho vijana wetu wanadhani kinawapa hadhi, kina il na elle. Kiswahili kina ngeli safu nzima.

Nikiri kwamba Kingwana chetu, Kiswahili cha huku Kongo, kinaibana zana hii. Ukishuka mpaka Lubumbashi, i- imemeza karibu kila kitu, na "inakwama" yaweza kuwa gari, mzigo au kesi. Kasongo, penye mizizi iliyo karibu zaidi na pwani, ngeli zinashikiliwa kidogo. Nawaambia vijana wazitumie kabla hatujazipoteza, nao wananicheka. Lakini wapo wanaozitumia.

Zana hii ina sharti. Ukisema limekwama, gari lionekane haraka. Kiambishi ni deni la sekunde chache. Ukilicheleweshea malipo, mtu anahisi amechezewa, na aliyechezewa kwenye simu haandiki barua ya malalamiko. Hakuoni tena, basi.

Juu ya deni hilo nina mfano wa nyumbani. Mwanzo mzuri na mwanzo mbaya, vyote viwili, tumeachiwa na mtu mmoja, na mtu huyo makao yake yalikuwa Kasongo: Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip. Maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ukiyafungua hukuti utangulizi mrefu wala mvumo wa tarumbeta. Ana umri wa miaka 12, anaanza safari za karibu, anachuuza sandarusi. Mtoto na mzigo wake. Unasoma sentensi ya pili kwa sababu ya kwanza imekwisha kukuweka njiani. Wengi wanaoandika maisha yao leo huanza na babu wa babu. Huyu mfanyabiashara wa pembe za ndovu alijua kwamba msomaji amekwisha fungua kitabu.

Huo ndio mwanzo mzuri. Mbaya anausimulia mwenyewe katika kitabu hicho hicho, tena bila haya. Alikuwa amesikia kwamba katika nchi ya Utetera kuna mtemi mzee, Kasongo Rushie, ambaye ndugu zake wa kike walichukuliwa mateka zamani na hawakurudi. Basi akaenda na hadithi mkononi: mmoja wa wale waliopotea alikuwa bibi yangu, mimi ni damu yako, nimerudi. Hebu itazame kama kazi ya mtunzi. Haina salamu ndefu, haina ahadi, haina kelele. Inamgusa mzee mahali pamoja tu, pale penye kidonda, na inamwachia yeye ajaze yaliyobaki. Mzee alijaza. Alimpokea kama mjukuu, akamkabidhi utawala. Hakuna mwanzo wa hadithi katika nchi hii uliowahi kuleta zaidi kuliko ule, na waliolipa hawakuwa wale waliodanganya. Pembe zilitoka kwa maelfu ya mizigo, na watu walitoka pamoja nazo, wengine kwa minyororo, wengine kwa mizigo kichwani, wengine wakiwa wameshikishwa bunduki.

Sisemi kwamba kijana anayeandika "Nimefukuzwa nyumbani" juu ya video ya kuuza sabuni ni Tippu Tip. Nasema ametumia kidonda cha mtu kama mlango, na mtaani kwetu jambo hilo halisahauliki. Mjini mwenye video ana wageni wasiohesabika. Akimchoma mmoja atakuja mwingine. Kijana wa Lusangi watazamaji wake ni walewale 41, na mmoja wao ni shemeji yake.

Lakini wale waliotoka pamoja na pembe hawakupotelea hewani. Ujiji ilijaa watu walioitwa Wamanyema. Bujumbura wako Buyenzi. Dar es Salaam, pale Kariakoo, upo Msikiti wa Manyema mpaka leo. Baadaye wakaongezeka wengine waliotoka kwa vita vya miaka ya karibuni, wakaenda Uvira, Kalemie, Kigoma, na mbali zaidi. Hawa ndio watazamaji ambao kijana wangu hajawaona bado, na kwao ndoano kubwa kuliko zote haiko kwenye fumbo wala kwenye picha. Iko kwenye matamshi. Mtu ameketi Kariakoo anapitisha video za watu wote wa dunia, ghafla sauti inasema njo badala ya ndiyo, na kidole kinasimama chenyewe kabla hajajua kwa nini. Ndiyo maana huwa nawakatalia vijana wanaobadilisha sauti kamera ikiwaka, wakaongea kama mtangazaji wa Kinshasa au wa Dodoma. Wanatupa ndoano majini na kubakiwa na uzi.

Kwa hiyo kilimani tulianza kuandika. Nyuma ya karatasi ya forodha ya zamani aliyokuwa nayo mfukoni, kijana akaandika la kwanza: "Usiondoke, utaona maajabu!" Nikamwuliza nani alikuwa anaondoka. Akalikata.

La pili: "Siri ya kuvuka daraja bovu." Hili halikuwa baya sana, ila hakuna siri. Unavuka polepole, unavua viatu, unamwomba Mungu. Mtazamaji akigundua kwamba siri ni hiyo, atakasirika kwa haki.

La tatu lilinivutia: "Bidoni mbili, magogo mawili." Lina mizani, halina kelele, na jicho linapata kazi ya kuhesabu. Lingefaa kuandikwa juu ya picha, kwa sababu wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa, na maneno manne yanasomeka hata kwenye kioo kilichopasuka. Nikataka tusimame hapo. Lakini kijana alikuwa ananitazama kama mtu mwenye jambo moyoni.

"Mzee," alisema, "juma lililopita nilianguka pale pale. Mafuta yote yalikwenda na maji. Na hayakuwa yangu."

Kumbe ndiyo sababu ya video. Hakuwa anataka umaarufu. Mwenye mafuta alikuwa ameambiwa kwamba kijana ameyauza, na yeye alitaka watu waone daraja lenyewe. Sekunde 48, na sababu hiyo haikuwamo hata mara moja. Nimekutana na jambo hili mara nyingi mno mpaka nimelifanya kuwa swali langu la kwanza: kabla ya kuniuliza uanze vipi, niambie kwa nini uliitoa simu mfukoni. Karibu kila mara mwanzo uko humo, umefunikwa kwa salamu.

Tukaliandika kama alivyolisema, kwa Kingwana chake, na sikugusa neno: "Hapa njo nilimwanga mafuta ya watu." Pima yaliyomo. Hapa: jicho linatafuta ni wapi, na picha inajibu, magogo mawili juu ya maji. Njo: aliye Buyenzi ameinua kichwa. Nilimwanga: kosa limekubaliwa na mwenyewe, na anayekiri husikilizwa kuliko anayejisifu. Mafuta ya watu: deni, na kila mtu wa kwetu anajua uzito wa kupoteza mali isiyo yako. Na juu ya hayo yote, pikipiki imesimama tena kwenye mdomo wa daraja lile lile, imebeba tena. Hakuna aliyeambiwa asubiri. Anasubiri.

Ikabaki salamu. Kijana hakukubali kuiacha, na hapa sikuwa na hoja ya kutosha, kwa sababu hakuwa anazungumza juu ya mtandao. "Mama yangu anaangalia," alisema. "Nikianza kuongea bila salaam atauliza nani alinilea." Nikamwambia aitie kwa maandishi madogo pembeni. Akasema hiyo si salamu, hiyo ni bango. Nikamwambia ainue mkono tu. Akanionyesha mikono yake miwili, namna ilivyoshika usukani, akauliza ni upi nauruhusu uachie kwenye gogo lililolowa.

Tulishuka kijitoni saa tisa alasiri. Mwenzake alisimama ng'ambo na simu, kaisimamisha wima, akasema anza. Kijana alisema sentensi yake moja akiwa ameyakazia macho magogo, si kamera, kisha hakusema tena. Ilibaki injini peke yake, na maji. Gurudumu la mbele liliteleza mara moja, katikati, bidoni ya kushoto ikagonga gogo la pili kwa mlio wa chombo kilichojaa, na mwenye simu akapiga ukelele ambao tuliamua kuuacha ndani. Alipofika ng'ambo alizima pikipiki, akashusha mguu ardhini, akapumua. Ndipo akaitazama kamera kwa mara ya kwanza, kama mgeni yeyote anavyofanya akishafika, akasema, "Salaam alaikum."